Sisi Tuliofutwa Pamoja na Baba Yako

Adungosi,
Jumamosi mchana

Amoit mwanangu,

Umeenda Marachi kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia mapema. Lazima akuchinjie kuku, kisha akufungie paja moja ubebe. Kwa hivyo nina nafasi ya kuandika. Habari za sanduku, blanketi, na namna ya kufika kwa shangazi yako Nairobi tumeshazisema mpaka zimechosha, sitazirudia. Nataka kukueleza kwa nini niliinuka mezani Jumapili nikakuacha ukiongea.

Ulikuwa na furaha. Barua ya kazi ilikuwa imefika, na baba yako alikuuliza hiyo kompyuta utakayoifanyia kazi inafanya nini hasa. Ukachukua kalenda ya mwaka jana, ukaigeuza, ukachora majedwali mawili kwa penseli. Jedwali la kwanza la wafanyakazi, kila mmoja na namba yake. La pili la watu wao, mke na watoto, kila mmoja ameandikiwa namba ya yule anayemtegemea. Ulieleza vizuri, hata mimi nilielewa. Ukasema mashine za siku hizi zinajua nani ni wa nani kwa kufuata hiyo namba. Halafu, huku ukicheka, ukasema kwamba ukimfuta mtu kwenye jedwali la kwanza, mashine inaenda yenyewe kwenye la pili na kuwafuta wote waliokuwa chini yake, ili kusibaki takataka.

Takataka. Ndilo neno ulilotumia. Najua si lako, umelipokea kwa yule aliyekufundisha. Lakini ulilisema ukiwa umekaa kati ya baba yako na mdogo wako Etyang, nami nikaona nikibaki pale nitasema kitu ambacho hakirudi mdomoni. Nikatoka kwenda kuanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi. Baba yako akakwambia mama anaumwa kichwa. Wewe ukadhani sitaki uende Nairobi, na wiki nzima nimekuona ukinitazama kwa pembeni na kuosha vyombo hata siku zisizo zamu yako.

Sikuumwa kichwa. Nilikuwa na hasira, na mpaka sasa ninayo. Inatokana na jambo ambalo hatukukuambia vizuri, kwa sababu ulikuwa shule ya bweni, na hata baba yako aliporudi alisema mtoto anayesoma asibebeshwe mzigo. Ulirudi likizo ukatukuta tumehama Malaba, tumekuja hapa kwa babu yako. Tukakuambia baba amekawia Uganda na Etyang aliugua. Yote mawili ni kweli, ila ni ukweli wa kumnyamazisha mtoto. Sasa wewe ni mtu mzima.

Unakumbuka kampuni ya malori iliyokuwa na yadi yake pale Malaba, karibu na reli. Baba yako aliwaendeshea chumvi, sabuni na mabati mpaka Kampala. Tulikaa kwenye nyumba zao, na ndani ya yadi kulikuwa na zahanati ndogo ya wafanyakazi na familia zao. Kila mwezi ilikuja orodha kutoka Nairobi, karatasi pana yenye vitundu pembeni, imechapwa na mashine. Tulikuwa humo. Baba yako, Ekisa, na namba yake, na chini yake mimi, wewe, Etyang. Mara ya kwanza kuiona nilifurahi, sikufichi. Nilimwita jirani nikamwonyesha jina langu.

Safari moja baba yako hakurudi. Madereva wenzake walisema askari wa upande ule walisimamisha malori karibu na Tororo, wakayachukua matatu pamoja na waliokuwa wakiyaendesha. Siku hizo mambo ya Uganda yalikuwa yameharibika, na mtu akichukuliwa hukujua uulize wapi. Kila lori lililovuka nililifuata mpaka getini, nikauliza, nikarudi. Nikapika chakula chake pia, nikakila asubuhi.

Karani wa yadi aliitwa Wafula. Alikuwa mtu mpole, tuliyesali naye kanisa moja. Kila mwisho wa mwezi alitakiwa kutia alama mbele ya kila dreva na kuipeleka karatasi Nairobi. Alama zilikuwa mbili tu: yuko kazini, au ameondoka kazini. Kwa baba yako, Wafula aliacha wazi. Karatasi ikarudishwa, kwamba nafasi hiyo hairuhusiwi kuwa tupu. Akaandika pembeni kwa kalamu kuwa dreva amekamatwa na hajulikani aliko. Ikarudishwa tena, kwamba mashine haisomi maandishi ya pembeni. Akatia alama ya yuko kazini. Mashine ikadai safari alizofanya mwezi huo, naye hakuwa na safari ya kuandika. Basi akatia alama ya ameondoka.

Alikuja nyumbani mwenyewe kuniambia. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akakataa kuingia. "Mama Amoit, hii ni alama tu," akasema. "Akirudi tunabadilisha."

Nikamwambia asante. Mtu amekuja kuniambia kwamba mume wangu, aliyekamatwa akiwa kwenye usukani wa lori lao, ameandikwa kuwa ameacha kazi, nami nikasema asante, tena nikamsindikiza mpaka bombani.

Orodha iliyofuata ilikuja bila baba yako. Hilo Wafula alilitegemea. Hakutegemea kwamba na sisi tungetoka. Hakuna mtu aliyeketi mahali akasema mfuteni Nabwire, mfuteni Amoit, mfuteni Etyang. Tuliandikwa chini ya namba ya baba yako, na namba ilipoondoka tukaondoka nayo. Wala hakuna aliyetuambia. Nililala na kuamka kwenye nyumba ile, nikafagia, nikachota maji, na kumbe sipo.

Niligundua siku Etyang alipoamka na homa. Alikuwa amefika ule umri wa kuimba kila anachosikia, hata matangazo ya redio. Asubuhi hiyo hakuimba. Shingo ilikuwa ngumu, na mwanga wa mlango ulimfanya alie. Nikamfunga mgongoni nikaenda zahanati, ambako kulikuwa na dresa, mfunga vidonda na mtoa dawa, anayeitwa Perpetua. Perpetua alimjua Etyang. Alikuwa amemtibu kikohozi majuzi tu, akampa na biskuti. Akatafuta kwenye orodha, akatafuta tena, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini.

"Mama Amoit, wewe hauko hapa," akasema. "Hata mtoto hayuko."

Nilidhani anatania. Nikamwambia niko mbele yake na mtoto huyu hapa, amguse. Alimgusa, na uso wake ukabadilika. Lakini akasema dawa anaitoa kwa namba, na kila chupa ataulizwa na Nairobi ilikwenda kwa namba gani. Nipite kwa Wafula anipe karatasi. Nikapita kwa Wafula. Akashtuka, akaniambia niketi kwenye benchi apige simu. Laini ilikuwa mbaya. Nikakaa mpaka ofisi ikafungwa. Kesho yake nikarudi kwenye benchi lilelile, na simu ilipopatikana, mtu wa Nairobi akasema mke na watoto wanaandikishwa kwa maombi ya mume. Mume ndiye aombe.

Amoit, hapo ndipo penye kosa langu, na silitafutii maneno mazuri. Barabara ya Busia ilipita mbele ya geti. Hospitali ya serikali ilikuwa Busia siku zote, haikuwa imehama. Nami nilikaa kwenye benchi la ofisi na mtoto anayeungua mgongoni, kwa sababu niliambiwa ngoja, na nilikuwa nimelelewa kwamba ofisini mtu mwenye adabu hungoja. Kila karani akipita nilisogeza miguu apite. Ningesimama nikapiga kelele siku ya kwanza. Ningetembea kwa miguu. Nimejiambia hivyo mara nyingi nikipalilia, mpaka baba yako ananiuliza ninaongea na nani.

Aliyetutoa pale ni mfanyabiashara mmoja wa Busia, Mzee Salim, aliyekuja kukodi lori la kubeba mizigo yake. Alipita, akasimama, akarudi. Akaniuliza mtoto ana nini. Akamwekea mkono shingoni. "Binti yangu, hapa unangoja nini?" Nikamwambia nangoja karatasi. Hakuniuliza karatasi gani. Aliwaacha waliokuwa wakimngoja ndani, akatupakia kwenye pikapu yake, akaendesha mpaka Busia akisoma dua kwa sauti ndogo njia nzima. Hospitalini hawakuuliza tuko kwenye orodha ya nani. Walimchukua Etyang mikononi mwangu.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alipona. Watu walikuja kunipa pole na kumshukuru Mungu, nami nikashukuru pamoja nao. Kisha mchana mmoja mwanamke wa kitanda cha pili aliangusha kifuniko cha sufuria kwenye sakafu ya saruji, nyuma kabisa ya kichwa cha Etyang. Wodi nzima iligeuka. Yeye aliendelea kucheza na vidole vyake.

Nilimuuliza daktari kama sindano ingepatikana mapema zaidi ingekuwaje. Alivua miwani, akasema labda. Ni mtu mwema, asingeweza kusema zaidi. Lakini nimebaki na hiyo labda nyumbani kwangu, na hakuna aliyewahi kuja kuichukua.

Tulipotoka hospitali, nyumba ya Malaba ilikuwa imepewa dreva mwingine. Vyombo vyetu walivipanga nje vizuri, sufuria ndani ya sufuria. Babu yako akaja na mkokoteni wa ng'ombe akatuleta hapa.

Sasa nikuambie kuhusu kijana wa mashine. Niliposikia kwamba mtu wa kompyuta anakuja kutoka Nairobi kukagua yadi, nilimfunga Etyang mgongoni nikaenda Malaba. Safari hiyo sikuketi kwenye benchi. Nilimkuta kwa Wafula akinywa chai, kijana msafi, tai, kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mbaya. Ningependa kukuambia alikuwa na kiburi, ingekuwa rahisi. Alinipa kiti chake. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, kisha nikamuuliza swali moja: ni nani aliyeamua kwamba mume akitoka na watoto watoke?

Alifikiri kweli. "Hakuna mtu aliamua, mama," akasema. "Ilikuja hivyo."

Nikamwambia anieleze hiyo kuja hivyo. Akachora, kama wewe ulivyochora. Akasema unapotengeneza jedwali lile la pili, unatakiwa kusema mapema itakuwaje mwenye namba akifutwa. Unaweza kusema watu wake wabaki. Unaweza kusema asifutwe kwanza mpaka watu wake waangaliwe. Au unaweza kusema wafutwe naye. Usiposema kitu, mashine inachukua jibu ililokuja nalo. Wao hawakusema kitu. Walikuwa na haraka, na hakuna aliyefikiria dreva aliyekamatwa.

"Kwa hivyo mliulizwa," nikamwambia, "mkanyamaza."

Alitazama chai yake. Wafula alitazama dirisha. Etyang alikuwa amelala mgongoni mwangu, nikageuka ili wamwone kichwa. Nikawauliza na ile nafasi isiyoruhusiwa kuwa tupu, nani alikataza? Kijana akasema hiyo waliiweka wenyewe, kwa sababu makarani wavivu huacha nafasi wazi. Yaani walimwogopa karani mvivu wakamlazimisha karani mwaminifu aseme uongo. Akaahidi atalipeleka jambo hilo kwa wakubwa. Sikusikia tena kutoka kwake wala kwa wakubwa wake. Mpaka leo nikikumbuka kile kiti alichonipa, natamani ningekikataa.

Baba yako alirudi msimu wa magendo ya kahawa. Alivuka mto kati ya wachukuzi, gunia kichwani kama mmoja wao, nguo si zake. Nilimwona kwenye njia nikadhani ni mtu anayeomba maji. Tulipomaliza kulia alimwita Etyang kwa jina. Akamwita tena. Nilimshika mkono nikamwambia hasikii, na hivyo ndivyo baba yako alivyojua.

Alipopata nguvu alienda yadini. Namba yake ilikuwa imepewa mtu mwingine. Mashine haikukubali watu wawili namba moja, na hilo naona lina akili, lakini pia haikuweza kumrudisha mtu iliyemtoa. Ilibidi aandikwe upya kama dreva ambaye hajawahi kugusa lori lao. Walimpa na mtu wa kumfundisha njia ya Eldoret. Baba yako, ambaye aliijua kona kwa kona hata ukungu ukitanda. Akatia sahihi. Akajaza na fomu yetu, mke mmoja, watoto wawili, kana kwamba tumezaliwa wiki hiyo.

Nilimkasirikia yeye pia. Nilimwambia mwanamume mwingine angeitupa ile karatasi usoni mwao. Kisha tukiwa tunamenya mihogo akaniambia jambo ambalo hajawahi kulirudia, nawe usimuulize.

"Nabwire," akasema, "kule nilikokuwa hakukuwa na orodha. Hakuna aliyeandika jina la mtu. Mtu aliitwa nje kwa kunyooshewa kidole, na hakuna mahali ungeweza kwenda ukaonyesha kwamba aliwahi kuwako. Hawa wameniandika vibaya. Lakini wameniandika."

Ndiyo maana sikukuambia Jumapili uichane ile kalenda, ingawa mkono uliniwasha. Baba yako anataka watu waandikwe, na yeye ana haki ya kusema. Kwa hivyo usidhani nakuzuia. Sijui kama nimewahi kutaka mtu aende mahali kama ninavyotaka wewe uende huko. Hasira yangu naipeleka mahali pake. Naipeleka kwa chumba ambamo watu wazuri, wenye kalamu mbili mfukoni, waliulizwa swali kuhusu mtoto wangu, wakaona ni swali dogo, wakaenda kula.

Utakaa kwenye chumba kama hicho. Utaulizwa nini kiruhusiwe kuwa tupu na nini kisiruhusiwe, namba itumike tena au isitumike, fulani akitoka nani watoke naye. Utakuwa umechoka, na bosi atakuwa amesimama nyuma yako akisema acha ilivyo, tutarekebisha baadaye. Mimi sijui kompyuta, siwezi kukuambia ujibu nini. Pengine kuna mahali ambapo kufuta wote ni sawa. Lakini jibu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ukijua unamjibia nani. Na ukiona huna jibu, inuka uulize, hata kama ni mgeni, hata kama ni wewe mwanamke peke yako humo ndani. Wakikuona huna adabu, sema ulilelewa na mimi.

Nimempa baba yako asome mpaka hapo. Amesoma polepole, akiwa amesimama, kisha akaomba niondoe ile sehemu ya Wafula. Anasema Wafula ni mtu mzuri na siku hizi anaumwa miguu. Nimekataa. Wafula aliacha wazi, akaandika pembeni, akajaribu, kisha akaandika uongo. Yote alifanya yeye, na mwanangu ayajue yote. Baba yako ametikisa kichwa akaenda kuangalia ng'ombe. Yeye anasema yale yamepita. Mimi sijasema hivyo.

Etyang amekimbilia njiani, anapunga mikono yote miwili. Kutoka hapa dirishani sioni mtu, ni mtama tu na vumbi la baiskeli mbali kule, lakini yeye huona watu kabla yetu sote. Basi umefika. Acha niifunge hii, nije nikupokee huyo kuku.

Mama yako,
Nabwire